Neno Moja Ambalo Ha-rin Hakulisema

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Jua, upepo, na chavua.

Wiki hii chavua imefunika kila kitu hapa Adelphi. Magari yaliyoegeshwa chini ya ghorofa letu yamegeuka ya njano, hata lile jeusi la jirani, na ukipitisha kidole kwenye kioo mstari unabaki. Napiga chafya tangu asubuhi. Nimefungua dirisha, nimelifunga, nimelifungua tena. Nimechemsha chai mara mbili na zote mbili zimepoa mezani.

Siwezi kutulia.

Najua wengi mnaopita kwenye blogu hii mnafuata tamthilia za Kikorea. Mnataka kujua nani atamwacha nani. Leo sina tamthilia. Nina filamu fupi tatu ambazo hata huko Korea ni wachache waliozitazama, na nina jambo langu mwenyewe lililotokana nazo. Anayetaka filamu peke yake aishie katikati. Sitamlaumu.

Kwa wageni: mimi ni Mtanzania, mtu wa Marangu. Nilisoma Daejeon, Korea, miaka minne, Kikorea kikaniingia. Sasa naishi hapa Maryland na dada yangu Grace, ambaye ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee kule Lanham. Mimi nipo mapokezi kwenye kliniki ya meno Rockville. Wagonjwa wetu wengi ni wazee wa Kikorea na daktari hajui Kikorea, kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni ukalimani.

Mkalimani hasemi, "Mgonjwa anasema jino linamuuma." Anasema, "Jino linaniuma." Ndiyo kanuni ya kwanza tuliyofundishwa: sema mimi. Kwa hiyo nimeumwa meno ya watu wengi sana. Nimekuwa babu anayeogopa sindano. Nimekuwa mama mjamzito anayetokwa damu kwenye fizi. Nikivua koti la kazi jioni, nawaacha wote pale kliniki.

Ndivyo nilivyokuwa naamini.

Mteja wetu mmoja, mama wa Kikorea anayejitolea kwenye maktaba, alinipigia Jumamosi ya wiki iliyopita asubuhi. Walikuwa na maonyesho ya filamu fupi mchana ule, mwongozaji mmoja amesafiri kutoka Seoul, na mkalimani wao ameamka na homa. Je, ningeweza? Nikamuuliza filamu za namna gani. Akashusha sauti, akasema ni za vijana wanaopenda watu wa jinsia yao. Nilimwambia nitakuja. Nilisema haraka mno, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya kukunja, watu kama arobaini. Nilikaa mstari wa mbele na daftari langu.

Filamu ya kwanza imetengenezwa na kijana ambaye mchana anasambaza vifurushi kwa pikipiki. Ni ya mzee anayekwenda kwenye msiba wa rafiki aliyeishi naye nyumba moja karibu maisha yote. Ndugu wa marehemu wamesimama kwa mstari kando ya picha, wanapokea pole. Yeye wanamsalimia kwa heshima, wanampeleka meza ya wageni, wanampa supu. Anakula. Ikiisha anaomba nyingine. Anaomba ya tatu. Unaanza kucheka, halafu unaelewa: bakuli likiwa mbele yake, ana sababu ya kuendelea kukaa pale. Hakuna anayelia katika filamu ile. Mimi nililia.

Ya pili ni ya wasichana wawili wa sekondari siku ya mtihani mkuu. Huko Korea, wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, hata ndege hazitui wala haziruki. Nchi nzima inanyamaza. Mmoja ameamua kwamba leo ndiyo leo, atamwambia mwenzake, na ukimya ule wote ameupata katikati ya chumba cha mtihani ambamo hawezi kufungua mdomo. Basi. Dakika tisa, nyuso mbili, na saa ya ukutani.

Ya tatu ilikuwa ya mgeni wetu. Jina lake nitasema ni Ha-rin, si jina lake hasa. Ana miaka ishirini na sita, anauza miwani dukani, na filamu yake aliipiga siku za sikukuu katika chumba anacholala, kwa kamera ya kuazima, waigizaji wakiwa marafiki zake. Wanawake wawili wanahamia nyumba ya kupanga na kumwambia mama mwenye nyumba kwamba wao ni binamu. Mama mwenye nyumba anawapenda. Anawaletea kabichi yake ya kuchachusha, anakaa, anauliza habari za ukoo. Basi inabidi wamtunge bibi mmoja wa pamoja. Bibi anapata jina, kijiji, ugonjwa wa goti. Mwishowe bibi anakufa, na mama mwenye nyumba, kwa wema wake, anawapikia chakula cha kumkumbuka. Wanasujudu mbele ya meza, wawili wale, wakimlilia bibi ambaye hakuwahi kuwapo, na huwezi kujua wanamlilia nani.

Nilijua walichokuwa wanalilia. Daejeon mimi nilikaa nyumba moja na mtu miaka miwili, na kwa majirani tulikuwa mwalimu wa lugha na mwanafunzi wake.

Naona hata hapa nimeandika "mtu". Kiswahili kinanificha vizuri sana. Mtu, mwenzangu, mpenzi, yeye, alinipenda, nilimpenda. Ningeweza kuwasimulia maisha yangu yote na msijue. Nimefanya hivyo miaka mingi.

Alikuwa mwanamke.

Haya, nimeandika. Nilikwenda dirishani nikarudi, na sentensi bado ipo.

Baada ya filamu Ha-rin alikwenda mbele, mimi nikasimama kando yake. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Aliulizwa kwa nini anatengeneza filamu fupi tu. Akasema ndefu ingempa muda wa kuogopa katikati. Watu wakacheka, nami nikacheka kwa niaba yake, maana hata hilo mkalimani hufanya. Kisha mzee mmoja wa Kikorea aliyeketi nyuma akauliza, kwa upole kabisa, kama mama yake ameiona filamu hii.

Ha-rin alitazama chini. Kisha alijibu kwa Kikorea, polepole, na mimi nikaligeuza jibu lake kuwa Kiingereza, polepole vilevile, maikrofoni ikiwa mkononi mwangu:

"Mimi ni mwanamke ninayempenda mwanamke. Nimesafiri mbali kuja kulisema mahali ambapo mama yangu hawezi kusikia. Mama yangu hajui bado."

Nimefanya ukalimani miaka mitatu na sijawahi kuongeza neno. Ha-rin alisema mama yake hajui. Akaishia hapo, kwa sauti ya kufunga mlango. "Bado" haikuwa yake. Ilinitoka yenyewe, na nilipoisikia kwenye spika za ukumbi nikajua ni sauti ya nani.

Watu walipiga makofi. Nilirudi nyumbani kwa basi, nikamwambia Grace kazi ilikwenda salama.

Jumanne ndipo mambo yalipoharibika. Waandaaji walikuwa wameweka vipande vifupi vya maonyesho mtandaoni. Katika kimoja, aliyepiga picha alikuwa amekaa upande wa kulia, na Ha-rin alifichwa na kichwa cha mtu. Unayemwona ni mimi peke yangu, na maikrofoni, nikisema yale maneno. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya. Mtu fulani alikiona, akanitambua, akakitupia kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa huku, na kufika saa saba mchana kilikuwa kimezunguka hadi kwa Wakenya wa kanisani na kurudi.

Sikujua lolote. Nilikuwa kliniki. Grace ndiye aliyekiona akiwa kazini, akaomba ruhusa, akaendesha gari kutoka Lanham hadi Rockville akiwa na sare zake. Aliniita nje, tukasimama kwenye maegesho, akanipa simu yake nitazame.

Nilitazama hadi mwisho. Nikamwambia, "Nilikuwa natafsiri, dada. Kuna msichana pale kando, ila haonekani."

Ni kweli. Kila neno la sentensi ile ni kweli.

Dada yangu alinikumbatia akacheka mpaka machozi. Alisema alijua, alijua tu. Palepale, ameegemea gari, alirekodi ujumbe wa sauti akautuma kundini: jamani, mdogo wangu ni mkalimani, mkalimani husema mimi, yule anayesema ni binti wa Kikorea, acheni kutuua kwa presha. Alikuwa mkali na mchangamfu, na kila mtu alimwamini, kwa sababu Grace hasemi uongo na wote wanajua.

Jumatano asubuhi mambo yalikuwa yameisha. Picha za vicheko. Samahani dada. Mwalimu wa kwaya ya kanisani ninakoimba alinipigia mwenyewe, akataniana nami, akasema walishtuka kweli.

Ni hapo nilipokosa usingizi. Maana nilipanda juu kwenye kundi nikasoma yale waliyoyaandika kabla ya ujumbe wa Grace. Sikupaswa. Nilisoma yote. Nani alisema niondolewe kwenye kwaya. Nani alisema mama yangu Marangu afichwe habari asije akafa. Nani alitumia lile neno la Kiswahili ambalo ni tusi. Maneno tuliyonayo kwa watu kama mimi ni ya aina mbili tu, matusi na lugha ya ofisini, na kundini ofisi haikuwapo. Kisha chini yake, saa mbili baadaye, watu walewale: afadhali, kumbe alikuwa anatafsiri.

Nimeonyeshwa mapema kila mmoja wao atanifanyia nini. Ni wachache wanaopewa orodha kama hiyo. Na sasa nikutane nao, niwape mkono, niwaulize habari za watoto.

Mtu mmoja hakuandika kundini. Mama Kissa, yule mzee wa sauti ya tatu anayetukemea tukichelewa mazoezi, alinitumia ujumbe peke yangu, Jumanne ileile, kabla Grace hajaongea: "Mwanangu, kama ni kweli au si kweli, Jumapili njoo, kiti chako kipo." Kumjibu kwamba nilikuwa natafsiri ilikuwa kama kumrudishia zawadi. Sikumjibu.

Ijumaa Ha-rin aliniandikia kutoka Seoul. Waandaaji walikuwa wamemweleza yaliyonipata, ameomba kile kipande kiondolewe, anasikitika. Kisha akaongeza kwamba anaelewa Kiingereza kidogo, amekisikiliza mara kadhaa, na kuna neno moja la mwisho ambalo yeye hakulisema. Aliuliza kama ni langu.

Nilimwomba radhi kama mtu wa kazi. Nilisema liliniponyoka, ni kosa, halitatokea tena.

Alijibu baada ya dakika chache: "Sikulalamika. Nimeuliza."

Nilizima simu. Nikaiwasha. Yeye pia sikumjibu. Wiki nzima hii ilikuwa wiki ya kutojibu.

Leo nilikwenda kanisani. Nilikaa kwenye kiti changu, nikaimba sauti ya tatu, nikatabasamu. Watu walinipokea vizuri kuliko kawaida, wale wenye hatia hasa. Wakati wa kuagana Mama Kissa alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula, na hakuuachia mkono hadi nilipojibu. Katika gari njia nzima Grace alikuwa anasimulia kituko cha klipu kana kwamba ni hadithi ya zamani ya familia, na nilimsikiliza nikiona jinsi alivyofurahi kunitetea.

Tulipofika alinikalisha sakafuni katikati ya magoti yake, anisuke, maana kesho naingia kazini na nywele zangu zilikuwa zimechoka. Ndivyo tulivyo tangu utotoni. Ukisukwa humwoni anayekusuka. Nadhani ndiyo sababu niliweza.

Alikuwa amemaliza upande wa kushoto. Nikamwambia, "Dada, siku ile msichana hakusema bado. Bado ni yangu."

Mikono ikasimama. Aliniuliza nina maana gani, ingawa nilihisi kwenye vidole vyake kwamba ameshaelewa. Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu Daejeon, miaka miwili, nyumba ya chumba kimoja, jinsi tulivyoagana uwanja wa ndege kwa kuinamishiana vichwa kama watu wa ofisi moja kwa sababu wazazi wake walikuwa wamekuja kunisindikiza. Nilimwambia kwamba miaka mitatu ninayokaa naye hapa kila aliponiuliza kwa nini siolewi nilikuwa namtafsiria jibu la mtu mwingine. Niliongea nikitazama mguu wa meza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Biblia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alichosema Grace sikukiwaza.

"Nimesimama mbele ya watu wote nikakusafisha," alisema. "Kwa hiyo sasa mwongo ni mimi."

Akaweka kichana chini, akachukua funguo, akatoka.

Nilikwenda dirishani na kichwa changu cha nusu. Alikuwa ameingia kwenye gari na hakuliwasha ili aondoke. Aliwasha waipa tu, mara moja, zikasukuma ile njano pembeni, na nikamwona ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele. Sikumfuata. Nilitaka sana kumfuata. Nilipanga sentensi kadhaa, zote za kujirudisha nyuma: nilikuwa natania, nilichanganyikiwa, ilikuwa zamani, imekwisha. Nina kipaji cha sentensi ambazo ni kweli na si kweli. Nilizitafuna nikiwa nimesimama pale, na kila moja ingeweza kumrudisha juu akicheka.

Lazima niwe mkweli hapa kuhusu jambo moja. Sikunyamaza kwa ujasiri. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa sahihi. Nilimtumia. Wale watu hawakuniamini mimi, walimwamini yeye, na nilimwacha atoe heshima yake yote kwa sentensi yangu yenye mlango wa nyuma. Nimelia kwa ajili ya wanawake wawili wa filamu wanaomdanganya mama mwenye nyumba, na sikufikiria hata mara moja yule mama angejisikiaje na lile bakuli lake la kabichi mkononi siku akijua.

Ha-rin angeweza kutengeneza filamu ya pili kuhusu hilo tu.

Nilikaa sakafuni palepale nikasubiri. Sijui ni muda gani, karibu saa nzima. Niliwaandikia watu wawili. Mama Kissa nilimwandikia: asante mama, ni kweli. Ha-rin nilimwandikia kwa Kikorea: ndiyo, lilikuwa langu. Nilituma zote mbili kabla sijazisoma tena, nikaitupa simu kwenye kochi kama inaunguza.

Kisha mlango ukafunguka. Macho ya Grace yalikuwa mekundu, na ningependa kusema ni chavua. Hakunitazama. Alikaa kwenye kiti, akafungua magoti, akasema, "Geuka."

Nikageuka.

Alisuka upande wa kulia kwa nguvu kuliko ule wa kushoto. Iliuma. Alipofika karibu na sikio alisita, akasema kundini hatarekodi tena lolote, wala la kukanusha wala la kukiri, na wakimuuliza atawaambia waniulize mimi. Nikasema sawa. Baadaye akasema mama asiambiwe kwa simu. Mama anastahili kuambiwa ana kwa ana, na sisi tutakwenda wote wawili, na mpaka siku hiyo hajui namna atakavyosimama, upande wangu au upande mwingine. Alisema hivyo hivyo: sijui. Nikasema sawa.

Nilidhani tumemaliza. Alikuwa amefika mstari wa mwisho, anafunga ncha.

"Anaitwa nani?"

Sikuelewa mara moja. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Sikuwa nimelitamka jina lile kwa sauti tangu uwanja wa ndege, na halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba hii. Sitaliandika hapa kwa sababu ni lake, na yeye hakuniomba nimtangaze. Nitasema tu kwamba lina irabu ambayo Kiswahili hakina, midomo inatandazwa na ulimi unarudi nyuma, na mimi mwenyewe ilinichukua mwezi kuiweza.

Nikalitamka.

Grace akalirudia, vibaya. Nikamrekebisha. Akalirudia tena, vibaya kwa namna nyingine, akasonya, akaniambia niseme polepole. Nikasema polepole. Nilihisi pumzi yake juu ya kichwa changu akijaribu kulipanga mdomoni.

Mara ya tatu akalipatia.

Sasa yuko jikoni, anapekua kabati, anagonga sufuria kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Sijui kesho atasemaje. Huenda akaamka amegeuka jiwe. Leo amelipatia.